Simu mkononi, dira miguuni: nani atangulie kufundishwa Ziwa Viktoria?

Mji wa Kalangala, katika Visiwa vya Ssese nchini Uganda, uko dakika 18 na nusu kusini ya ikweta (dakika hapa si ya saa, ni sehemu ya 60 ya digrii). Mwanafunzi akiingiza nambari zake kwenye GPS, 0°18.5' na 32°13.5', kisha akaacha herufi N mahali palipotaka S, mashine haigombi. Inamchorea mstari mnyoofu hadi nchi kavu, magharibi ya Kampala, maili 37 za majini kutoka alikokusudia. Kosa hilo halimzamishi mtu kwa sababu ni kubwa mno, hata abiria atalicheka. Wenye kuzamisha ni wadogo zake. Mtu anatumiwa na mwenzake nambari 0°18.50', naye anaziandika kama dakika 18 na sekunde 50. Nusu dakika ni sekunde 30, si 50. Amekwisha kukosea kwa meta 600 hivi kabla hajavuta kamba ya injini, na meta 600 katika mlango wa kati ya visiwa viwili vya Ssese zinatosha kukutoa kwenye maji marefu na kukuweka juu ya mawe.

Mifano kama hiyo ndiyo inayotajwa kila linapoibuka swali la jinsi ya kufundisha unahodha katika mialo yetu, iwe Ggaba, Kasenyi, Kiyindi au Masese. Kijana anayeanza apewe kwanza simu yenye ramani na setilaiti, au apewe karatasi, dira, rula na bikari, na GPS aione mwishoni kama zawadi? Wa upande wa karatasi wanasema anayeanza na kioo hataijua kamwe elimu yenyewe, atajua kubonyeza tu. Wa upande wa simu wanajibu kwamba karatasi haipatikani, na hata ikipatikana ni ya zamani. Kumfungia mtu darasani wiki tatu akijifunza kifaa ambacho hatakigusa tena ni kupoteza nauli yake.

Pande zote mbili zina haki zaidi ya zinavyokubaliana. Kwa maoni yangu, hata hivyo, swali lenyewe limekaa upande. Satelaiti inakuambia uko wapi. Haikuambii kuna nini chini yako. Jibu la swali hilo la pili liko kwenye ramani, na ramani za ziwa letu ni dhaifu, ziwe za karatasi au za kioo, kwa kuwa nyingi za kioo zimezaliwa na zile za karatasi.

Tuanze na karatasi. Vipimo vya kina vya Ziwa Viktoria vilivyo kwenye ramani za zamani vina asili yake katika kazi ya Kamanda Whitehouse wa jeshi la majini la Uingereza, aliyelizunguka ziwa hili karne ya 20 ilipokuwa inaingia, akitumia bildi, yaani kamba yenye risasi ya kuzamia. Kazi ile ni ya kuheshimiwa. Lakini bildi hupima mahali ilipoangukia, basi. Kati ya nukta moja na nyingine mwamba unaweza kukaa miaka mia na kitu bila kuandikwa na mtu yeyote. Mwanafunzi anayeona eneo jeupe lisilo na nambari asome hivi: hapa hapajapimwa. Wengi husoma kinyume: hapa hapana hatari. Hilo ndilo somo la kwanza la ramani ya majini, nalo halihitaji wiki tatu. Dakika kumi zinatosha, mwalimu akiwa ameshika kalamu.

Halafu kuna usawa wa maji. Vitabu vingi vya uongozaji wa vyombo vimeandikwa kwa ajili ya bahari, na sehemu kubwa ya kurasa zake ni hesabu ya maji kujaa na kupwa. Kwetu sura hizo zinaweza kurukwa zote, ziwa halina kujaa na kupwa kwa maana ile. Kosa ni kufikiri kwamba kwa hiyo kina cha ziwa hakibadiliki. Kinabadilika polepole, kwa miaka. Mwaka wa 2006 ziwa lilishuka hadi magati yakabaki yananing'inia; mwaka wa 2020 lilipanda kufikia rekodi ya mwaka wa 1964, likameza fukwe na nyumba za mialoni. Kati ya hali hizo mbili kuna zaidi ya meta 2 za maji. Jiwe lililoandikwa kuwa pima moja chini, yaani kama meta 1.8, katika mwaka wa maji mengi boti hupita juu yake bila habari. Mwaka wa ukame jiwe hilohilo linakula propela. Ramani yoyote, ya karatasi au ya simu, ina mahali inapotaja usawa uliotumika kupimia. Asiyesoma mstari huo mdogo anasoma nambari za mwaka mwingine.

Jambo la tatu kuhusu karatasi ndilo linaloleta ugomvi zaidi, nalo ndilo ningetaka kukaa nalo kidogo, maana wengi hawalijui mpaka linapowagonga. Ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000, ambazo walimu wengi huzitumia mahali pa ramani ya majini kwa kuwa zinaonyesha fukwe na vilima vizuri, zimejengwa juu ya msingi wa upimaji uitwao Arc 1960. GPS inatumia msingi mwingine, WGS 84. Hizi ni namna mbili za kuivisha dunia gauni la mistari, na mishono yake hailingani. Eneo letu hili la ikweta, ukichukua nambari kutoka GPS na kuziweka kwenye karatasi ya Arc 1960 bila kubadilisha kitu, alama yako itaangukia karibu meta 300 kusini ya mahali ulipo kweli, na kidogo mashariki. Kwenye karatasi ya 1:50,000 hizo ni milimita 6, upana wa kalamu ya risasi. Jicho halishtuki. Majini, meta 300 ni nafasi ya kutosha kabisa kati ya mlango salama na safu ya miamba.

Watu wa simu hushika hoja hii kwa mikono miwili: mnaona, karatasi inadanganya! Karatasi haijadanganya. Msingi wake umeandikwa ukingoni. Aliyekosea ni aliyechanganya vitu viwili bila kuuliza. Kuna dawa mbili. Ya kwanza: ingia kwenye mipangilio ya GPS, sehemu ya msingi wa ramani, weka Arc 1960 wakati wote unapofanya kazi na karatasi hiyo, kisha rudisha WGS 84 unapomaliza, maana nambari utakazomtumia mwenzako kwa simu zitakuwa na kosa lilelile kwa upande wa pili. Ya pili, iliyo salama zaidi kwa anayeanza: usihamishe nambari kabisa. Chukua uelekeo na umbali kutoka kitu kinachoonekana, tuseme ncha ya kisiwa, ukapime kwa bikari. Ncha ya kisiwa haina msingi wa upimaji. Iko pale ilipo.

Kuhusu kupima kwa bikari, kuna neno moja la pembeni. Sheria ya ramani za majini inasema umbali upimwe kwenye ukingo wa kushoto au kulia, palipo na latitudo, usipimwe juu au chini. Mwanafunzi wa ziwani akivunja sheria hii haoni madhara, kwa kuwa karibu na ikweta dakika ya latitudo na ya longitudo zinakaribia kulingana, zote kama maili moja ya majini, meta 1,852. Ndiyo bahati ya ikweta. Lakini mkono uliozoea vibaya Kalangala, ukiajiriwa kwenye meli inayokwenda kaskazini mbali, utapima uongo.

Sasa simu. Hoja zake ni nzito na si uvivu kama baadhi ya walimu wakongwe wanavyodai. Visiwa vya Ssese ni 84, vingi vifupi, vya kijani, vinafanana kama mayai. Njia ya karatasi ya kujua ulipo ni kupima kwa dira uelekeo wa vitu viwili au vitatu vinavyoonekana na kuangalia mistari yake inakutana wapi. Inafanya kazi ikiwa unajua unachokitazama. Ukikosea jina la kisiwa, mistari yako itakutana vizuri tu, mahali pasipo pako. Usiku ni vibaya zaidi: katika siku za giza wavuvi wa mukene, yaani dagaa wa ziwani, huwasha taa majini, na kutoka mbali safu ya taa hizo ni mji kamili. Jicho linaloitafuta Entebbe linaweza kuipata pahali pengi.

Tena kuna mpaka. Mpaka wa Uganda na Tanzania ziwani unafuata mstari wa digrii 1 kusini, uliotajwa katika mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka wa 1890. Hakuna boya la kukuonyesha, hakuna kilima, ni maji matupu kushoto na kulia. Mvuvi aliyefuata nyavu zake kusini hana namna ya kujua amevuka ila nambari iliyo kwenye kioo: ikifika 1°00.00' S, leseni yake ya Uganda imeishia hapo. Dira na karatasi haziwezi kumpa uhakika huo baada ya usiku mzima wa kuelea na nyavu. Kwa jambo hili moja, upande wa simu umeshinda bila ubishi.

Na dunia nayo imehama. Marekani imemaliza kuchapa ramani zake za majini za karatasi za mtindo wa zamani, kazi iliyokamilika mwanzoni mwa mwaka wa 2025. Uingereza, ambayo ndiyo iliyochora ramani za ziwa letu, ilitangaza mwaka wa 2022 kwamba itaacha zake, kisha ikasogeza tarehe mbele baada ya mabaharia kulalamika. Kifaa chenyewe kimekuwa kizuri mno: kabla ya Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiichafua GPS ya raia kwa makusudi, ikikosea kwa meta 100 hivi. Leo simu ya kawaida, chini ya anga wazi, hukosea meta 5 hivi.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye mshale.

Mweleze mwanafunzi achague nukta ya kwendea, na simu itamwonyesha mshale. Kila anayeanza hufanya jambo moja: anaielekeza omo ya boti, yaani sehemu yake ya mbele, kwenye mshale, na mshale ukihama, naye anahama nao. Tuseme nukta iko maili 4 kusini kabisa, uelekeo 180. Boti inakwenda noti 6, yaani maili 6 za majini kwa saa. Upepo wa kusi unatoka kusini-mashariki na unaisukuma boti pembeni, upande wa magharibi, kwa nusu noti tu. Baada ya dakika chache mshale unasema 178, anageuza. Unasema 175, anageuza tena. Karibu na mwisho anajikuta anakuja akitokea upande wa magharibi wa mstari, na atafika, hilo halina shaka. Lakini njia aliyopita si mstari. Ni upinde, uliotoka nje ya mstari kwa zaidi ya meta 200. Upepo ukisukuma kwa noti nzima, upinde unatoka zaidi ya meta 400. Alipoiangalia ramani jioni, mstari mnyoofu haukugusa mwamba wowote. Upinde haukuangaliwa na mtu.

Dawa yake ni kutofautisha vitu viwili ambavyo kwenye simu vinafanana: omo inatazama wapi, na chombo kinakwenda wapi. Dira inajibu la kwanza. GPS inajibu la pili, tena ikiwa boti inatembea tu. Ukisimama, GPS haijui umeelekea wapi, na mshale wake utaanza kuzunguka kama kuku aliyechinjwa. Katika mfano wetu nahodha anatakiwa aelekeze omo 175 ili chombo kiende 180. Anashikilia 175 kwenye dira, anatazama GPS kila dakika mbili tatu kuona kama mwendo unabaki 180, na kama sivyo anaongeza au kupunguza digrii moja mbili. Mikono inafuata dira. GPS ni msimamizi. Mwanafunzi akilishika hili, amepata nusu ya kazi yote, na hawezi kulishika kwa kifaa kimoja. Lazima awe na viwili mbele yake kwa wakati mmoja. Hapo ndipo ninapotofautiana na kambi zote mbili: kufundisha kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio wowote ule, kunamnyima mwanafunzi kitu cha kulinganisha.

Mikasa miwili ya baharini inaonyesha udhaifu wa kioo kuliko maelezo yoyote. Tarehe 10 Juni 1995 meli ya abiria Royal Majesty, ikitoka Bermuda kwenda Boston, ilipanda fungu la mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani. Waya wa antena ya GPS ulikuwa umechomoka tangu mwanzo wa safari; mashine haikunyamaza, iliendelea kukadiria yenyewe kwa kasi na uelekeo, na maofisa wakaendelea kuiamini kwa zaidi ya saa 30. Walikuwa maili 17 nje ya njia. Vilikuwapo vifaa vingine vya kulinganisha, hakuna aliyevilinganisha. Mkasa wa pili uko upande wetu wa dunia. Novemba 2014 mashua ya mashindano Team Vestas Wind ilijitupa kwa kasi juu ya miamba ya Cargados Carajos, kaskazini mashariki ya Mauritius. Setilaiti haikukosea hata meta moja. Ramani ya kioo ilikuwa imetazamwa kwa mbali, na ikitazamwa kwa mbali hivyo haikuonyesha miamba ile. Hakufa mtu, lakini mashua iliachwa pale imepasuka.

Kutokana na mkasa wa pili kunatoka kanuni ambayo ni ya bure na inachukua dakika tano: ukishachora njia kwenye simu, ikuze ramani hadi mwisho, kisha ifuate njia yote kwa kidole, kipande kwa kipande, tangu mwalo wa kutokea hadi wa kuingilia. Karatasi haihitaji kanuni hii, na hilo ndilo fumbo la ubora wake: kila kitu kinaonekana kwa wakati mmoja. Simu ni tundu la ufunguo. Unaona kidogo kwa undani, au kingi bila undani.

Nukta zenyewe zisiwekwe juu ya ncha ya kisiwa wala kwenye gati. Ziwekwe nusu maili nje, kwenye maji yenye kina, na sehemu ya mwisho iingiwe kwa macho na kwa mwendo wa pole. Nukta zinazosambazwa kwa simu kati ya manahodha zina hatari nyingine isiyofikiriwa: boti zote zinafuata mstari uleule kwa kukosea meta 5 tu, moja inakwenda na nyingine inarudi, usiku, bila taa. Zamani kutokuwa na uhakika kulizitawanya boti ziwani. Uhakika umezipanga foleni zikitazamana. Jongeza njia yako meta 300 kulia kwa mstari, na mwenzako akifanya hivyo mtapishana vizuri.

Dira inahitaji neno lake. Kwenye boti ya mbao yenye injini ya nje nahodha hukaa tezini, yaani nyuma, mkono kwenye injini, kwa hiyo dira huwekwa miguuni pake. Hapo ni mahali pabaya kuliko pote: chuma cha injini, betri, kisu, spika ya redio, na simu yenyewe, vyote vinavuta sindano. Simu ikilazwa kando ya dira inaweza kuivuta digrii nyingi bila wewe kujua. Isogeze dira mbele, angalau meta moja kutoka kwa kila kitu cha chuma, uifunge kwenye ubao usiohama. Kisha ipime. Asubuhi ya shwari, mbali na mkondo wa kule Jinja maji yanakotokea kwenda Nile, endesha polepole kwa GPS kuelekea kaskazini dakika tatu, mashariki dakika tatu, kusini na magharibi vivyo hivyo, ukiandika kila mara dira inasema nini. Kukiwa hakuna upepo wala mkondo, omo na mwendo ni kitu kimoja, kwa hiyo tofauti unayoiona ni ya dira. Tofauti ya kaskazini ya sumaku na ya kweli katika eneo letu haizidi digrii chache. Ukiona 12, mvutaji yumo ndani ya boti. Andika nambari nne hizo kwa kalamu ya wino kwenye ubao. Angalia pia GPS imewekwa itumie kaskazini ipi, ya kweli au ya sumaku, na usiibadilishe tena.

Digrii 5 si chache. Kila digrii 1 katika maili 60 inazaa kosa la maili 1. Kwa hiyo digrii 5 katika maili 12 zinakutoa maili nzima nje ya njia. Kutoka bara kwenda Ssese kuna safari ndefu kuliko hiyo.

Vingine ni vya haraka. Simu ipakuliwe ramani kabla ya kuondoka kwenye mtandao. Setilaiti haihitaji bando, ramani ndiyo inayohitaji. Simu iliyozimwa data huweza kukawia dakika kadhaa kupata setilaiti mara ya kwanza, basi iwashwe mwaloni, si katikati ya mawimbi. Nambari zote ziandikwe kwa mtindo mmoja, digrii na dakika zenye desimali, na kila boti ya kundi itumie huohuo. Kioo kilicholowa hakisikii kidole, na jua la mchana likiichoma simu iliyo ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, inajizima kwa joto. Benki ya umeme ya mAh 10,000 haichaji simu ya mAh 5,000 mara mbili kamili; hesabu mara moja na nusu, tena waya ukiwa mkavu.

Kifaa ambacho kambi zote mbili wamekisahau ni cha bei ndogo kuliko vyote. Bildi. Kamba ya meta 20, uzito wa kilo 3 mwishoni, fundo kila pima. Chini ya uzito kuna shimo dogo la kupakwa grisi, nayo huja juu na mchanga, tope au changarawe. Boti ikienda polepole, bildi inaweza kushushwa kila dakika tano unapokaribia kisiwa. Ramani ikisema pima 6 na kamba ikasema 3, kuna kitu hakiendi sawa: ama ramani, ama mahali unapodhani uko. Hujui ni kipi, lakini unajua wakati wa kupunguza mwendo. Wavuvi wa kamba wanakijua kina cha maji yao kwa vidole tangu utotoni; ni ajabu kwamba elimu hii haiingii kwenye mafunzo rasmi ila kama historia.

Yapo pia ambayo hayako kwenye ramani yoyote. Visiwa vya mafunjo vinavyoelea, kama kile kilichokwenda kuziba mitambo ya umeme Jinja Aprili 2020 na kuiacha nchi nzima gizani. Gugu maji. Nyavu zisizo na taa, zenye jerikeni za kuelea ambazo usiku huzioni mpaka kamba imejisokota kwenye propela. Na dhoruba, ambazo ziwani hujikusanya usiku na kuelekea alfajiri, saa zilezile ambazo boti nyingi zinakuwa njiani. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizwe kabla ya kuchora njia.

Kwa hiyo mafunzo yangekaaje? Ningempa mwanafunzi GPS siku ya kwanza, majini, sambamba na dira. Karatasi ningeipunguza hadi vitu vinne: kusoma vipimo vya kina na maeneo matupu, kuangalia msingi wa ukingoni, kuchora mstari na kupima uelekeo na umbali, na kukadiria mahali ulipo kwa saa na kasi. Kasi inapatikana hata bila mashine: tupa kipande cha funjo kutoka omo, hesabu sekunde mpaka kifike tezi. Boti ya futi 28 ni meta 8.5, sekunde 3 ni noti 5.5, sekunde 4 ni noti 4 na kidogo. Sura za maji kujaa na kupwa ziachiwe wanaokwenda kutafuta kazi Mombasa au Dar es Salaam. Na kila nusu saa, iwe GPS inafanya kazi au la, nahodha aandike kwenye daftari: saa, nambari za mahali, omo, mwendo, kasi, kina. Simu ikifa saa 8:10 usiku, yaliyoandikwa saa 8:00 ndiyo atakayoanzia. Bila daftari, betri ikifa anaanzia sifuri. Watu wa karatasi watasema hiyo ni karatasi tu kwa jina lingine, na sitabishana nao.

Mtihani, hata hivyo, ufanywe simu ikiwa imezimwa. Mtahiniwa apewe dira, saa, bildi, kalamu na karatasi. Atembee maili 6 kwa mistari mitatu, akiweka alama kila robo saa ya mahali anapodhani yuko. Mtahini awe na GPS yake mfukoni, imewashwa, haionyeshi. Wakifika, njia iliyorekodiwa iwekwe juu ya alama za kalamu. Aliyetoka nje kwa robo maili apite. Aliyetoka nusu maili lakini daftari lake lina mstari usemao "saa 4:20, kina kimepungua mapema kuliko nilivyotarajia, nadhani nimesukumwa magharibi, nimegeuza digrii 5 kushoto", apite pia, tena mbele ya yule aliyefika gatini barabara na ukurasa mtupu.